Nyua za Gaiety Hollow

Anayefika Gaiety Hollow kwa mara ya kwanza huitafuta bustani asiione. Kutoka barabara ya Mission, katika mji wa Salem ulio makao makuu ya jimbo la Oregon nchini Marekani, kinachoonekana ni nyumba ya ukubwa wa wastani, miti, na mimea iliyokatwa sawasawa. Bustani yenyewe imejificha, na hata ukishaingia ndani yake huwezi kuiona yote kwa pamoja. Unaona sehemu moja iliyozungushiwa majani kama chumba kilivyozungushiwa kuta, kisha unapita kwenye upenyo na kujikuta katika sehemu nyingine yenye mwanga tofauti na harufu tofauti. Eneo lote, pamoja na nyumba, halifiki nusu ekari. Siku ya kwanza nilitembea humo karibu saa nzima, na nilipotoka ningeweza kuapa kwamba ni kubwa mara tatu ya hivyo.

Wamarekani huziita sehemu hizo vyumba vya bustani, lakini nilipomweleza mama yangu kwenye simu jioni ile sikuhitaji kuazima neno. Kwetu ua ndilo linalochanua, ua ndio wigo, na ua ndiyo nafasi iliyo ndani ya wigo, nyuma ya nyumba, mbali na macho ya wapita njia. Nilikulia Tanga katika nyumba ambayo uhai wake wote ulikuwa uani: jiko la bibi, pipa la maji, kamba ya nguo, mrehani uliooteshwa kwenye makopo ya maziwa, na asumini iliyotambaa juu ya mabati. Nilimwambia mama kwamba huku kuna wanawake wawili waliochora uani kwao kwa kalamu na rula kabla ya kushika jembe, na kwamba uani huko bado kupo ingawa wao hawapo. Akaniuliza swali moja tu: “Sasa mwanangu, nani anafagia?”

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, kwanza kwa kusoma, na baadaye kwa kwenda mwenyewe kupiga magoti pale pamoja na watu wengine wanaojitolea.

Mmoja wa wanawake hao wawili, Elizabeth Lord, alizaliwa Salem mwaka 1887. Baba yake, William Paine Lord, alikuwa gavana wa Oregon kuanzia 1895 hadi 1899, kisha akaiwakilisha Marekani nchini Argentina. Mama yake, Juliette, alikuwa mpenda mimea. Elizabeth alikuwa anakaribia miaka 40 alipoamua, mwaka 1926, kuvuka bara zima kwenda kusomea usanifu wa mandhari katika shule ya Lowthorpe huko Groton, Massachusetts. Wa pili, Edith Schryver, alikuwa mdogo kwake kwa miaka 14, mzaliwa wa Kingston katika jimbo la New York. Yeye alikuwa amekwisha kupita Lowthorpe na kufanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya Ellen Biddle Shipman, mmoja wa wasanifu wa bustani waliokuwa na jina kubwa Marekani wakati huo. Wawili hao walikutana mwaka 1927 katika safari ya masomo ya kutazama bustani za Ulaya. Mwaka 1929 walifungua ofisi yao Salem, ya kwanza ya fani hiyo kumilikiwa na wanawake katika eneo lote la kaskazini-magharibi mwa Marekani, na wakaishi na kufanya kazi pamoja hadi uzeeni.

Inafaa kueleza kwa nini walipitia Lowthorpe. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1901 na Judith Motley Low kwa ajili ya wanawake, kwa sababu milango mingine ilikuwa imefungwa. Shule ya usanifu ya Harvard haikupokea wanawake hadi mwaka 1942, wakati vita vilipokuwa vimewaondoa wanaume madarasani. Shipman naye aliajiri wanawake peke yao, akijua kwamba msichana aliyehitimu, hata awe na mkono mzuri kiasi gani, asingepata meza katika ofisi za wanaume. Kazi ambayo jamii iliwaachia wanawake hawa kwa moyo mkunjufu ilikuwa ile iliyoshikamana na nyumba. Mipango ya miji na majengo ya serikali mara nyingi ilikwenda kwa wengine, na kwao zikabaki bustani za majumbani. Wakazichukua, wakazifanya kuwa sanaa kamili.

Lakini humo ndimo ulimo msiba wa kazi yao. Bustani ya umma ina idara, ina bajeti, ina mtu aliyeajiriwa kuifagia, ilhali bustani ya nyumbani huuzwa pamoja na nyumba, na mnunuzi akitaka maegesho ya magari au bwawa la kuogelea hakuna anayeulizwa. Shipman alisanifu zaidi ya bustani 600 katika maisha yake, na nyingi kati ya hizo hazipo tena. Hazikuchomwa wala kupigwa marufuku. Zilikosa mtu wa kufagia mwaka mmoja, kisha mwaka wa pili, kisha trekta likapita.

Ofisi ya Lord na Schryver ilifunguliwa mwaka ule ule uchumi wa dunia ulipoporomoka, na bado ikadumu kwa takriban miaka 40 na kusanifu zaidi ya bustani 200 katika majimbo ya Oregon na Washington. Miongoni mwa kazi zao za mwanzo ni bustani za Deepwood, jumba la mwaka 1894 lililo kwenye barabara hiyo hiyo ya Mission, ambalo leo ni mali ya mji na liko wazi kwa watu wote. Walizungumza na wakulima wa bustani kupitia redio, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Schryver alifundisha chuoni Corvallis. Yote hayo yana heshima yake. Hata hivyo, ninayoipenda kupita zote ni hii waliyojitengenezea wenyewe, kwa sababu mteja hakuwepo wa kuwakataza wala wa kumlaumu.

Nyumba ya Gaiety Hollow ilijengwa mwaka 1932 kwa michoro ya Clarence Smith, msanifu majengo wa Salem, na ikapangwa pamoja na bustani kama kitu kimoja. Ilikuwa makazi yao, ofisi yao, na mahali pa kumwonyesha mteja kile ambacho maneno yasingeweza kukieleza. Mifupa ya bustani ni mistari iliyonyooka na mimea isiyopukutisha majani. Katika ua mkuu wa maua, matuta yamepangwa kwa vipimo vya kijiometria na kila tuta limezungushiwa pindo la boksiwudi, kichaka chenye majani madogo yanayong'aa ambacho kikikatwa mara kwa mara hushikamana mpaka kikafanana na ukuta mfupi. Ndani ya pindo hizo maua yanaachiwa uhuru wake: tulipu za majira ya kuchipua, kisha mengine yanayopokezana hadi baridi inaporudi. Ukali uko ukingoni na ulegevu uko katikati, na kimoja kinakitegemea kingine. Ukiondoa boksiwudi, maua yanakuwa vurugu, na ukiondoa maua, boksiwudi inabaki kama mchoro wa mahesabu.

Urefu wa pindo ndio unaobeba kila kitu. Niliambiwa hivyo na sikuelewa mpaka nilipokaa chini. Ukisimama njiani, macho yanapita juu ya pindo na kukutana na maua, halafu yanaendelea hadi mwisho wa mstari, ambako kuna kitu cha kuyapokea. Pindo likipanda kwa kiganja kimoja, safu ya kwanza ya maua inamezwa. Likipanda kwa viganja viwili, njia inakuwa handaki. Na boksiwudi hukua kila mwaka, polepole, kwa kiasi ambacho mtu anayeiona kila siku hawezi kukigundua. Kwa hiyo bustani hii inaweza kufa huku kila mmea ndani yake ukiwa hai na wenye afya. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kuhifadhi ni kuzuia kitu kisiguswe, kama tunavyofunika mlango wa kale wa nakshi usipigwe na mvua. Hapa mlango wenyewe unaota, na usipoukata unakuwa kitu kingine.

Lord alifariki mwaka 1976 na Schryver mwaka 1984. Walichoachiwa watu wa baadaye kilikuwa na bahati mbili. Bahati ya kwanza ni kwamba familia iliyoichukua nyumba baada yao iliijali bustani. Haikuing'oa, ikaitunza kwa miaka mingi, hadi shirika linalobeba majina ya wanawake hao wawili, Lord & Schryver Conservancy, lilipoweza kuinunua katika miaka ya 2010. Bahati ya pili ni karatasi. Michoro ya ofisi yao, orodha za mimea, barua na picha vimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Oregon mjini Eugene, kwa hiyo mtu akibishana leo kuhusu upana wa tuta, yupo shahidi wa kuitwa.

Shahidi huyo, hata hivyo, hatoi kauli moja tu. Bustani ya mteja huchorwa mara moja, ikapandwa, ikakabidhiwa, na mchoro ukabaki ndiyo kauli ya mwisho ya msanifu. Bustani ya nyumbani kwa msanifu haikabidhiwi kamwe. Lord na Schryver waliishi humo kwa miongo minne na zaidi, na katika muda huo walibadilisha mawazo, miti ikakua, mimea mingine ikafa na mipya ikaletwa, na miguu yao ikazeeka. Anayetaka kuirudisha bustani “ilivyokuwa” analazimika kujibu: ilivyokuwa lini? Mwaka 1932 miche ilikuwa bado midogo na kuta za majani hazikuwepo. Miaka ya 1950 bustani ilikuwa imekomaa. Miaka ya 1970 mmoja wao alikuwa na zaidi ya miaka 80. Wapo wataalamu wanaopenda kuchagua mwaka mmoja na kuushikilia kama msumari. Mimi naona kwamba kwa bustani ya nyumbani jambo hilo ni sawa na kuchagua picha moja ya mtu na kusema nyingine zote si yeye. Cha kushika ni yale ambayo wao wenyewe hawakuyabadilisha katika miaka yote hiyo, yaani mistari, uwiano wa kimo na upana, na nafasi zilizo wazi. Maua yaliyo katikati yanaweza kupokezana kama walivyoyapokezanisha wao.

Jambo gumu zaidi ni kivuli. Mti uliopandwa na msanifu ni sehemu ya kazi yake, na maua yaliyopandwa chini yake kwenye jua ni sehemu ya kazi hiyo pia. Lakini baada ya miaka 60 mti umelimeza jua, na maua hayawezi kuishi tena pale alipoyaweka. Ukiuacha mti unapoteza tuta, na ukiukata unapoteza mti alioupanda kwa mkono wake. Nimesikia watu wa heshima wakilumbana juu ya hili kwa sauti za chini, kila mmoja akiwa na haki. Na mwaloni una shauri lake. Mialoni myeupe ya Oregon ilikuwa katika bonde hili kabla ya nyumba yoyote, ikisimama mbalimbali katika mbuga ambazo Wakalapuya, wenyeji wa asili wa bonde hilo, walizitunza kwa kuchoma nyasi kwa mpango, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo hata ile asili ambayo Lord na Schryver waliikuta ilikuwa na wafagiaji wake. Mwaloni huo umezoea majira makavu ya joto, na maji mengi ya kiangazi kwenye shina lake hualika kuvu wa mizizi. Mawaridi na jamii yake, kinyume chake, yanataka maji wakati ule ule. Bomba moja la maji, likielekezwa vibaya kwa miaka michache, linaweza kuangusha mti uliosimama karne nyingi, na hakuna mchoro utakaokuonya.

Kuna mwanamke mwingine ambaye aliyatazama matatizo haya yote akiwa hai na akatoa uamuzi ambao sijaacha kuufikiria. Beatrix Farrand, aliyezaliwa 1872, alikuwa mwanamke pekee kati ya waanzilishi 11 wa chama cha wasanifu wa mandhari cha Marekani mwaka 1899. Nyumbani kwake Reef Point, huko Bar Harbor kwenye pwani ya Maine, alitengeneza bustani na maktaba kwa nia kwamba pawe mahali pa kujifunzia baada yake. Alipofika uzeeni aliona kwamba fedha hazitoshi, kwamba mji hautamwondolea kodi, na kwamba hakuna wa kuitunza kwa kiwango alichokitaka. Mwaka 1955 akaamua nyumba ibomolewe na bustani ing'olewe. Alikuwa na miaka zaidi ya 80. Mimea yake mingi ilinunuliwa na kuhamishiwa Northeast Harbor, katika kisiwa hicho hicho, ambako mtu wa pale aitwaye Charles Savage aliitumia kutengeneza bustani za Asticou na Thuya zinazotembelewa mpaka leo. Karatasi zake alizipeleka Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, pamoja na michoro ya Gertrude Jekyll, msanifu wa bustani wa Uingereza, ambayo Farrand alikuwa ameinunua ili isipotee. Na michoro hiyo ndiyo iliyokuja kutumika kuzifufua bustani za Jekyll upande wa pili wa bahari.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikasirika. Niliona kama mtu aliyevunja chungu chake ili jirani asikipikie vibaya. Sasa nakasirika kidogo tu, na hasira hiyo haimwelekei yeye. Farrand alijiuliza swali la mama yangu, akatazama huku na huku, asimwone mtu mwenye ufagio. Aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote alikosa kile ambacho wanawake wawili wa mji mdogo wa Oregon walikipata baada ya kufa: majirani. Kwa maana Gaiety Hollow haikuokolewa na serikali, wala na tajiri mmoja. Iliokolewa na watu wa Salem, wengi wao wastaafu, waliokwisha kujifunza kazi kwa kuzitunza bustani za Deepwood na ambao hawakutaka kuiona hii ikienda njia ya zile mia nyingi za Shipman.

Asubuhi yangu ya kwanza ya kujitolea ilikuwa ya ukungu. Nilipewa glavu, ndoo na mto wa kupigia magoti, nikaonyeshwa pindo la boksiwudi lenye urefu wa hatua kama 10. Kabla ya kugusa chochote ilibidi tusubiri majani yakauke, kwa sababu kuna kuvu anayeiua boksiwudi, aliyegunduliwa Oregon mwaka 2011, na anasafiri kwa maji, kwa nguo na kwa makali ya mkasi. Mama mmoja mzee, ambaye nadhani amepiga magoti kwenye ardhi ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, alinifundisha kuupangusa mkasi kwa spiriti kila baada ya kichaka kimoja, na kuyaokota majani yote yaliyoanguka, hata yale yaliyonasa ndani ya matawi, kwa vidole, mpaka udongo uonekane. Nilimuuliza itakuwaje kuvu akiingia. Akasema zipo aina za boksiwudi zinazomhimili zaidi, na siku hiyo ikifika watachagua iliyo karibu kabisa kwa jani na kwa rangi. Nikamuuliza kama bado itakuwa bustani ya Lord na Schryver. Hakunijibu papo hapo. Alichukua vitu viwili, kamba na nakala ya mchoro.

Kamba ilifungwa kwenye vigingi viwili, kimoja kila mwisho wa pindo, na kukazwa mpaka ikalia kidogo ilipoguswa. Huo ndio mstari wa kukatia. Boksiwudi ikikatwa hutoa harufu kali ambayo wengine huifananisha na mkojo wa paka. Mimi ilinikumbusha majani ya uani kwa bibi baada ya mvua, nami sikuichukia. Nilikata polepole. Vipande vya majani vilikuwa vidogo kama punje za mchele, vikiangukia turubai tulilolitandaza chini, na kila nilipofika hatua moja niliinua kichwa kutazama kama nimekwenda upande.

Nilipofika katikati, yule mama alikuja akasimama njiani, mahali ambapo mtu angesimama kutazama maua. Alishika mchoro kwa mkono mmoja, akautazama, kisha akatazama pindo, kisha akainama kidogo, kwa sababu, alisema, Edith Schryver hakuwa mtu mrefu. Akaninyoshea vidole viwili vilivyobanwa pamoja. Nilikwenda kwenye kigingi cha kwanza, nikaishusha kamba kwa upana wa vidole hivyo, nikaenda cha pili nikafanya vivyo hivyo, kisha nikarudi mwanzo wa pindo na kuanza kukata upya.